Kiti cha Heshima cha Kandalima

Njia niliyoipita kufika jimbo la Kandalima haina la kusimulia, na miguu yangu imekwisha kuisahau. Nitaeleza niliyoyaona baada ya kupokewa, kwa kuwa niliyaona kwa macho yangu na hakuna aliyeniomba niyatie chumvi. Msomaji akiona mahali fulani kana kwamba nacheka, asidhani kuwa nilifurahi.

Aliyenipokea mjini Dirimani, makao makuu ya jimbo hilo, ni Bwana Fundikwa, Katibu wa Baraza. Alikuwa mtu mpole, msafi wa kucha, anayezungumza taratibu utadhani anasoma. Aliniandika katika daftari la wageni, akanibandika beji ya shaba kifuani, akanieleza kuwa kwa sheria ya Kandalima kila mgeni ana haki ya kusema mara moja barazani, juu ya jambo lolote, kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai.

Nikashangaa ukarimu huo. Nikauliza kama Wenye Nchi nao hupewa kikombe kimoja au zaidi.

Hapa inanibidi nieleze. Babu za watu wa Dirimani walipofika Kandalima walikuta watu. Hao waliokutwa ndio huitwa Wenye Nchi. Jina hilo limeandikwa katika katiba kwa wino wa dhahabu. Nchi yenyewe imeandikwa majina ya watu wengine, katika kitabu kingine, kwa wino wa kawaida. Wenye Nchi wengi leo wanakaa bonde la Lwazo, mwendo wa siku moja kutoka mjini, mahali ambapo hakuna mwingine aliyepataka.

"Wenye Nchi hawasemi, bwana," Katibu akanijibu, huku akitabasamu kama aliyeulizwa habari za mwanawe. "Wao wana Kiti."

Akanipeleka kukiona. Kilikuwa mbele ya ukumbi, juu kuliko cha Spika, kimechongwa kwa mti wa Lwazo na kung'arishwa mpaka unajiona uso. Kila siku ya kikao Mwenye Nchi mmoja hukaa hapo, amefunikwa shali nyekundu mabegani, na asipokaa, kikao si halali. Wajumbe wote husimama, humgeukia, na husema kwa pamoja maneno ya shukrani: kwamba wanakutana juu ya ardhi yake, kwamba hawasahau, kwamba wanainamisha vichwa. Kisha wanakaa na kuanza kazi.

"Na akitaka kusema neno?"

"Anayeheshimiwa haombi. Tukimwacha aombe, tutakuwa tumemshusha."

"Basi ashuke, aende kusimama pale kwa wageni, aseme."

Bwana Fundikwa akanitazama kwa huruma. "Utamwitaje Mwenye Nchi mgeni? Hilo ni tusi. Na tusi kwa Mwenye Nchi, hapa kwetu, mtu anafungwa."

Sheria ile ilikuwa imekaa vizuri kila upande, huoni pa kuingiza hata ukucha.

Tulipokuwa tunatoka, niliona katika ukumbi wa nje kitu kikubwa kimefunikwa kitambaa cheupe, kimezungushiwa utepe wa bluu. Watu walikuwa wakipita kandokando yake bila kukiangalia. Nikauliza. Katibu akaniambia ni mashine ya kusafisha damu, ya watu ambao figo zao zimekufa. Ililetwa kwa ajili ya zahanati ya Lwazo, kwani ugonjwa huo unawamaliza sana Wenye Nchi. Imekaa pale miaka kumi na moja, kwa sababu sheria inakataza kuhamisha kitu ambacho mjadala wake haujaisha.

"Kuna nini cha kujadili miaka kumi na moja?"

"Hicho ndicho tunachokijadili," akasema.

Kesho yake nikahudhuria kikao. Aliyekaa kwenye Kiti ni mwanamke mwembamba wa miaka sabini hivi, jina lake Bi Sihaba. Katibu aliniambia kuwa amekikalia miaka sita mfululizo, na kwamba Baraza linamsifu sana kwa utulivu. Nilimtazama wakati wa shukrani. Watu mia moja na ishirini walimwinamia, naye akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Hoja ya Mashine ya Lwazo ikaja. Aliyeijibu ni Mheshimiwa Dizimba, Waziri wa Mambo ya Wenye Nchi, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuliwaza wafiwa. Alieleza kuwa mashine haiwezi kupelekwa Lwazo kwa sababu kule hakuna umeme wa uhakika. Umeme wa uhakika haujapelekwa kwa sababu hakuna chombo kule kinachouhitaji. Juu ya hayo, barabara haipitiki kwa gari lenye mzigo mzito. Alisema moyo wake unavuja damu. Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema.

Kisha wakapiga kura. Katika Kandalima kura ni za namna tatu: ndiyo, hapana, na nasikitika. Ukisema ndiyo, utaulizwa itafanyika lini. Ukisema hapana, utaandikwa magazetini. Ukisema nasikitika, huulizwi wala huandikwi. Kwa hiyo nasikitika hushinda daima, na hoja iliyosikitikiwa hurudi mwaka unaofuata, safi kama mpya. Siku ile walisikitika wajumbe mia na kumi na tisa. Mmoja alikuwa amelala.

Nasema kweli, nilikasirika. Lakini hasira ya mgeni ni hasira nyepesi, kwa kuwa anajua kwao kupo.

Wakati wa mapumziko nilimkuta Bi Sihaba jikoni mwa Baraza, amekaa kwenye kreti ya soda, anakunywa uji. Jikoni sheria haikumfuata. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Ndiwe mgeni mwenye kikombe?"

Nikasema ndimi. Akaniangalia muda mrefu, kuanzia kwenye beji mpaka kwenye viatu.

"Wageni kumi na wawili wamepita hapa tangu nianze kukaa," akasema. "Mmoja alizungumzia ndege wa porini. Mmoja alisifu chai. Wewe utasema nini?"

"Sijui bado, bibi."

"Basi nifuate, nikakuonyeshe mtu."

Tulivuka barabara tukaingia hospitali. Katika chumba cha mwisho alikuwa amelala mumewe, Mzee Kirombo, mtu mrefu aliyebaki mifupa na macho, mkono wake umefungwa mirija. Alikuwa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu ya hospitali hiyo mara tatu kwa juma, tangu miaka sita iliyopita. Ndiyo miaka ile ile ya Kiti. Bi Sihaba alikuja mjini kumuuguza, akakuta kazi inayompa chumba karibu na hospitali ni kuheshimiwa tu.

"Karibu, mwanangu," mzee akasema. "Usiniulize hali, inaonekana. Umeona dirisha hilo? Linatazama ukuta. Ukuta mzuri, sina ugomvi nao. Lakini nimeutazama miaka sita."

Akanieleza shauri lake, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Watu wa Lwazo huzika wafu wao kwenye kitongoji alichozaliwa mtu, hilo halijamkosa hata mmoja. Lakini kufa hawafii kule. Huletwa Dirimani wakiwa hai, hurudishwa wakiwa maiti. Yeye hakutaka kurudishwa. Alitaka kurudi.

"Daktari kasema bila mashine naweza kuishi siku tano," akasema. "Moja ya njia. Zinabaki nne. Nne zinanitosha kabisa. Nikae kwenye kizingiti cha mlango wangu, nisikie mbuzi wanavyorudi, niwagombeze wajukuu, basi."

"Kwa nini usiende tu?"

Mke wake ndiye aliyejibu. "Sheria. Mgonjwa wa mashine hapelekwi mahali pasipo na mashine. Kwa usalama wake."

"Ukisimama na kikombe chako," mzee akasema, "usiseme mengi. Waambie hivi: mashine iende, au niende mimi. Moja kati ya mawili. Mimi sichagui."

Nikamwahidi. Akaucheka uso wangu, maana ulikuwa umejaa machozi. Akamwambia mkewe, "Huyu naye anasikitika." Wakacheka wote wawili, na mimi nikaona haya.

Niliandaa maneno yangu siku nzima. Hapo ndipo nilipokosea, na sitamsingizia mtu. Mzee alinipa sentensi moja, mimi nikaona ni kavu. Nikaitafutia utangulizi. Nikaona si adabu kusimama barazani bila kutoa shukrani kama wao, nikaziandika, nikazipamba. Nikatia mto, nikatia mlima, nikatia mifupa ya mababu.

Siku iliyofuata chai ikaletwa mbele yangu, nikasimama. Nilipotoa shukrani, nikaona wajumbe wanainua vichwa. Nilipofika kwenye mto, mmoja akatoa leso. Kwenye mifupa ya mababu walinipigia makofi, na nitasema ukweli ingawa unaniuma: yalikuwa matamu. Nikayasubiri yaishe. Kikombe kilikuwa kimebaki funda moja nilipofika kwenye maneno ya mzee. Nikayasema kwa haraka, nikakaa. Bi Sihaba, juu ya Kiti, alikuwa ananitazama bila kupepesa.

Waziri akasimama. Alisema katika miaka yake yote hajasikia mgeni aliyeielewa Kandalima kwa kina kiasi kile. Aliomba hotuba yangu ichapwe na isomwe mashuleni. Kuhusu ombi lenyewe, alisema Serikali inalipokea kwa masikitiko makubwa.

Hapo akainuka Mheshimiwa Bi Tolonda, kiongozi wa upinzani, mwanamke mkali anayeogopwa na mawaziri wote. Nikaona tumepata mtetezi.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "nimechoshwa na Serikali hii! Kila mwaka masikitiko makubwa, masikitiko makubwa! Wenye Nchi hawa wanadanganywa mchana kweupe. Masikitiko makubwa yanamsaidia nini mgonjwa aliye kitandani? Naleta hoja ya marekebisho: neno makubwa liondolewe, badala yake yaandikwe masikitiko ya dhati!"

Upande wake ukagonga meza. Upande wa Serikali ukazomea. Waziri akajibu kwamba masikitiko ya Serikali yamekuwa ya dhati tangu mwanzo, na kwamba kuyaandika hivyo leo ni kukiri kuwa jana hayakuwa. Mjumbe mmoja akapendekeza makubwa na ya dhati yaandikwe yote, akaambiwa anavuruga. Mjadala ukaendelea mpaka jioni. Ukaendelea kesho yake. Wajumbe arobaini walisema, na wengi wao, nakiri, walisema vizuri kuliko mimi. Mashine ilikuwa nyuma ya mlango, hatua ishirini kutoka walipokaa. Mzee alikuwa ng'ambo ya barabara.

Siku hiyo ya pili, saa tisa alasiri, muuguzi mwenye aproni aliingia kwa mlango wa pembeni akamnong'oneza Katibu. Bwana Fundikwa akaandika kwenye karatasi. Kwa taratibu za Baraza karatasi huenda kwanza kwa Spika, kisha kwa Waziri, kisha kwa upinzani. Ilipita mkono kwa mkono mbele ya ukumbi mzima. Kila aliyeisoma aliinua macho akatazama Kiti, halafu akayaondoa haraka.

Bi Sihaba aliisoma ile karatasi nyusoni mwao. Hakuna aliyempelekea.

Akasimama. Tangu Kiti kichongwe, hakuna aliyekikalia aliyewahi kusimama wakati wa kikao. Mheshimiwa Tolonda alikuwa katikati ya sentensi, akaikata.

"Ameshakufa," Bi Sihaba akasema, wala hakupandisha sauti. "Miaka sita nimewasikiliza, mheshimiwa mmoja mmoja, najua mpaka mnavyokohoa. Siku nne tu alizitaka. Nipisheni."

Bwana Fundikwa akapiga kengele ndogo iliyokuwa mezani pake. Nilijua baadaye kwamba kengele hiyo humjulisha mwandishi asiandike, kwa kuwa aliye Kitini hasemi, na asiyesema hana maneno ya kuandikwa.

Bi Sihaba akavua shali, akaiweka juu ya Kiti, akashuka ngazi tatu, akapita katikati ya wajumbe mpaka nje. Nilimsikia akisimama kidogo ukumbi wa nje, pale penye kitambaa cheupe. Kisha nikasikia mlango mkubwa.

Msomaji atadhani Baraza lilimlilia. Lilishikwa na hofu, kwa sababu Kiti kilikuwa kitupu na kikao kilikuwa hakina uhalali. Wengine walisema siku mbili zote za mjadala zitafutika. Waziri alitoka jasho. Katibu akafungua kitabu cha sheria, akageuza kurasa, na baada ya muda akapata mahali palipoandikwa kwamba Mwenye Nchi atatambulikana kwa shali. Haikuandikwa kwamba lazima awemo ndani yake. Ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Baada ya hapo walifanya kazi haraka sana, kazi ya miaka kumi na moja ikaisha kwa nusu saa. Waziri akatoa hoja kwamba, kwa heshima ya marehemu, mashine ile ipewe jina la Kirombo. Mheshimiwa Tolonda akaiunga mkono, akilia machozi ya kweli. Kura zikapigwa, na kwa mara ya kwanza nikasikia neno ndiyo katika jengo lile. Walilisema wote. Utepe wa bluu ukakatwa hapohapo, na Waziri na kiongozi wa upinzani wakashika mkasi mmoja.

Nikamwendea Bwana Fundikwa mbio. "Basi mjadala umeisha! Itapelekwa Lwazo?"

"Haiwezekani tena, bwana," akasema. Kwa mara ya kwanza hakunitazama usoni. "Sasa ni kumbukumbu ya jimbo. Kumbukumbu hazihamishwi."

Spika akatangaza shukrani za kufunga kikao. Wajumbe wakasimama, wakaigeukia ile shali nyekundu iliyolala juu ya kiti kitupu, wakaiambia kwamba wanakutana juu ya ardhi yake, kwamba hawasahau, kwamba wanainamisha vichwa.

Nilipotoka, nilikuta gari mbele ya hospitali. Lilikuwa gari la Serikali la kurudishia maiti Lwazo, jipya, refu, lenye magurudumu makubwa ya matope. Dereva alikuwa amevaa tai. Aliniambia kuwa huenda Lwazo mara mbili kwa juma, masika na kiangazi, na hajawahi kukwama hata siku moja. Nikamuuliza kama linaweza kubeba mzigo mzito. Akasema majuzi lilibeba majeneza saba na jamaa zao.

Jeneza la Mzee Kirombo lilikuwa limekwisha kupakiwa. Bi Sihaba alikuwa amekaa pembeni yake, kwenye benchi la ndani, mabega wazi bila shali. Nilisimama mlangoni pa gari. Nilitaka kumwomba msamaha kwa mto na mlima na mifupa ya mababu, na kwa ile sentensi moja niliyoichelewesha. Akanitangulia.

"Wamesemaje huko?" akaniuliza.

Nikamwambia yote, habari ya shali na ya jina na ya utepe na ya kumbukumbu.

"Na masikitiko? Wameandika makubwa, au ya dhati?"

"Hawakumaliza, bibi."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, vilevile kama alivyokuwa akiwaitikia kutoka Kitini. Dereva akawasha gari. Kabla mlango haujafungwa akaniinamia.

"Waliposhukuru kile kiti, baba, ulikuwemo?"

"Nilikuwemo."

"Ulisimama?"

Nilitaka kusema uongo, na nadhani angeukubali. Nikamwambia nilisimama, nikainamisha kichwa pamoja nao, na maneno nikayasema mpaka mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuyajua kwa moyo.

Akavuta mlango mwenyewe. Gari likashika barabara ya Lwazo na kwenda kwa mwendo mzuri, halikuyumba popote.